Majeraha ya kisu, mshale na risasi kifuani na moyoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa madaktari, maofisa tabibu na wauguzi wa hospitali za wilaya na mikoa, mahali ambapo mgonjwa wa aina hii hushushwa kwenye bajaji bila taarifa na bingwa wa upasuaji wa kifua yuko mbali. Wengi wa wagonjwa hawa hupona kwa mrija wa kifua peke yake. Wachache wanahitaji kupasuliwa, na hao hawawezi kusubiri. Kazi kubwa ni kuwatambua hao wachache mapema.

Mgonjwa amefika na tundu la kisu kifuani. Nianze na nini?

Mvue nguo zote, mgeuze, kagua mgongo, kwapa, shingo na tumbo la juu. Jeraha linaloua mara nyingi si lile ambalo ndugu wamekuonyesha. Wakati wewe unakagua, mwenzako ampe oksijeni, aweke kanula mbili nene, namba 14 au 16, na achukue damu ya kupima kundi. Jeraha likiwa karibu na mtulinga, kanula ziwekwe mkono wa upande wa pili, kwa sababu vena ya upande ulioumia inaweza kuwa imekatika na kila unachompa kikaishia kifuani.

Kisha jibu maswali matatu kwa mkono, sikio na altrasaundi: je, kuna hewa inayokandamiza pafu? Je, damu inajaa kifuani? Je, moyo umebanwa? Majibu yapatikane ndani ya dakika chache, mgonjwa akiwa pale pale kitandani. Eksirei ni ya mgonjwa ambaye presha yake imetulia. CT skani ni ya mgonjwa aliyetulia zaidi ya huyo. Mgonjwa mwenye presha inayoshuka haendi chumba cha picha.

Kisu bado kimo mwilini. Nikichomoe?

Hapana. Huenda ndicho kilichoziba tundu la moyo au la mshipa mkubwa. Kizungushie gozi zilizokunjwa, kifunge kwa plasta kisitikisike, kichomolewe thieta, kifua kikiwa wazi na tundu likionekana. Ukiona mpini unadunda pamoja na mapigo, chukulia kwamba ncha imefika moyoni au kwenye mshipa mkuu.

Mshale una shida zake. Mingi ina vijino vinavyoelekea nyuma, ukiuvuta unararua kila ulichopita, au mti unatoka na kichwa kinabaki ndani. Kata mti ukihitaji kumlaza, usiuvute. Na kama unatoka maeneo ambako watu bado wanapaka sumu, kumbuka kwamba sumu ya miti ya jamii ya Acokanthera hushambulia moyo wenyewe: mgonjwa awekwe kwenye mashine ya kusoma mapigo tangu mwanzo.

Tundu linafyonza hewa. Nilizibe lote?

Ziba pande tatu, upande mmoja uache wazi hewa ipate kutoka. Kama mtu aliyemleta amelifunga lote na mgonjwa anazidi kuhema, bandua plasta mara moja kabla ya kufanya lolote jingine. Kisha weka mrija wa kifua mahali pengine. Mrija usipitishwe kwenye tundu la jeraha lenyewe: njia ile ni chafu, na unaweza kuamsha damu iliyokuwa imeganda.

Nichome wapi sindano kama hewa inakandamiza pafu?

Kwa mtu mzima, nafasi ya 4 au ya 5 kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa. Kwa mtoto bado tunatumia nafasi ya 2, chini ya katikati ya mtulinga. Tatizo la kila siku ni urefu: kanula ya kawaida ya dripu ina sentimita 5 hivi, na kwa mtu mwenye kifua kinene haifiki ndani. Inayotakiwa ni ya sentimita 8.

Kama unajua kuweka mrija, usipoteze muda na sindano. Kata ngozi, penya kwa fosepi iliyofungwa, ingiza kidole. Hewa ikitoka kwa kishindo na presha ikapanda, umeshamwokoa; mrija unafuata kwa utulivu.

Mrija wa kifua unawekwaje ili usiniangushe?

Chagua namba 28 hadi 32. Mwembamba zaidi ya hapo huzibwa na damu iliyoganda. Inua mkono wa mgonjwa nyuma ya kichwa. Alama yako ni usawa wa chuchu kwa mwanamume, au mkunjo wa chini ya titi kwa mwanamke, mbele ya mstari wa katikati ya kwapa. Usishuke chini ya hapo: mtu akitoa pumzi, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hupanda hadi usawa wa chuchu, na mirija mingi imeishia kwenye ini au bandama kwa sababu hiyo.

Ganzi: lignokaini isiyozidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 60 ni mililita 18 za asilimia 1, au mililita 9 za asilimia 2. Nyingi ziende kwenye ngozi na kwenye utando wa ndani wa kifua, ambao ndio unaouma kweli. Fanya mkato wa sentimita 3 hadi 4 juu ya ubavu wa chini wa nafasi uliyochagua, panua misuli kwa fosepi, ukipita ukingo wa juu wa ubavu huo, kwa sababu ateri na neva hutembea chini ya ubavu. Penya, ingiza kidole na ukizungushe. Kidole kinakuambia mambo ambayo hakuna picha itakuambia: kama pafu limeshikamana na ukuta, kama kiwambo kina tundu, kama kuna damu iliyoganda, na wakati mwingine unausikia mfuko wa moyo ukiwa umevimba na kukaza.

Elekeza mrija nyuma na juu. Tundu lake la mwisho likae ndani ya kifua, angalau sentimita 2 kupita mbavu. Ushone kwa hariri nene namba 0 au 1. Usitumie kile chuma chenye ncha kinachokuja ndani ya baadhi ya mirija. Kimetoboa mapafu, mioyo na matumbo ya kutosha.

Kwenye chupa inayopokea damu na hewa ya mrija, nini huharibika?

Mambo madogo ambayo hakuna anayeyatazama. Bomba la ndani linatakiwa kuzama sentimita 2 tu kwenye maji. Kwenye chupa moja, damu ikimiminika kimo kinapanda, bomba linazama sentimita 10 au 15, na mgonjwa sasa anapaswa kusukuma hewa yake dhidi ya uzito wote huo. Atahema, na watu watatafuta kosa kifuani kumbe liko chini ya kitanda. Badilisha chupa au vuta bomba juu.

Bandika plasta ubavuni mwa chupa, uandike kimo cha maji ya kuanzia na saa, kisha kimo kipya kila saa. Usipofanya hivyo, ukiweka maji mililita 500 na baadaye ukakuta 1,500, muuguzi wa zamu ya usiku ataandika damu lita moja na nusu na mgonjwa atapasuliwa kwa hesabu ya maji.

Chupa ikae chini ya kifua siku zote, hata kwenye machela. Na mrija usibanwe kwa klampu wakati wa kumsafirisha. Hewa ikiendelea kuvuja na njia imefungwa, utamuua kwenye ambulensi.

Damu kiasi gani ndipo apasuliwe?

Mililita 1,500 zikitoka papo hapo mrija unapoingia, au zaidi ya mililita 200 kwa saa kwa saa 2 hadi 4 mfululizo. Kwa mtu mwenye mwili mdogo, chukua mililita 20 kwa kila kilo. Lakini takwimu hizi si mlango wa kufungwa na kufunguliwa. Mgonjwa aliyetoa mililita 1,100 na presha yake inashuka kila ukimpa damu, huyo ni wa thieta. Na mrija ukikauka ghafla baada ya kumwaga sana, usifurahi kwanza. Hakikisha haujaziba: tazama kama maji yanapanda na kushuka anapopumua, kisha piga eksirei.

Inasaidia kujua damu inatoka wapi. Mishipa ya pafu ina shinikizo dogo, hivyo pafu likipanuka na kugusa ukuta, kutoka kwa damu hukoma lenyewe. Ndiyo maana mrija unatosha kwa wengi. Damu isiyokoma kwa kawaida hutoka kwenye ateri za ukutani, zile za chini ya mbavu au ile inayoshuka pembeni mwa kidari (mfupa wa katikati ya kifua), ambazo zina shinikizo lote la mwili. La sivyo inatoka moyoni au kwenye mishipa mikubwa.

Nitashukuje kwamba moyo umeguswa?

Tundu lolote lililo ndani ya mstatili huu: juu mitulinga, chini mwisho wa mbavu, pembeni mistari inayopita kwenye chuchu. Nyuma, kati ya mabega. Ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini cha moyo upande huo, iko mbele kabisa, ndiyo inayochomwa zaidi. Kwa risasi, mstatili huo hauna maana. Risasi iliyoingia kwapani inaweza kuvuka moyo.

Daktari mpasuaji Claude Beck alieleza mwaka 1935 dalili tatu za moyo uliobanwa na damu, yaani tamponadi: presha ya chini, vena za shingo zilizojaa, na sauti ya moyo iliyofifia. Ukisubiri zote tatu utawapoteza wengi. Aliyetoka damu nyingi vena zake ni bapa. Sauti ya moyo haisikiki vizuri kwenye chumba chenye kelele. Mtazame mtu mwenyewe: hatulii, anakataa kulala chali, anataka kukaa, mikono ni baridi, na presha ya juu na ya chini zinasogeleana. Mtu anayehangaika hivi baada ya kuchomwa kifuani asichukuliwe kuwa mlevi. Mfuko wa moyo haunyooki haraka, kwa hiyo hata mililita 100 hadi 200 zilizoingia ghafla zinatosha kumuua.

Altrasaundi haionyeshi damu kwenye mfuko wa moyo. Nimwache?

Tazama kifua cha kushoto kwanza. Kama kuna damu nyingi huko, mfuko wa moyo unaweza kuwa na tundu linalomwaga damu yake upande wa kushoto, hivyo ukaonekana mtupu huku moyo unavuja. Toa damu hiyo kwa mrija, kisha rudia kipimo. Jeraha likiwa ndani ya mstatili na kifua cha kushoto kikiendelea kutoa damu, msimamo wetu ni kwamba moyo umeguswa hadi ithibitike vinginevyo.

Naweza kuvuta damu ya mfuko wa moyo kwa sindano?

Tu kama hakuna awezaye kupasua na mgonjwa anakata roho. Damu mbichi ya jeraha huganda, sindano inavuta kidogo au haivuti, na unaweza kuongeza tundu la pili moyoni. Ukilazimika, hata mililita 15 hadi 20 zinaweza kurudisha presha kwa muda. Ukishapata nafuu hiyo, ni ya kumfikisha thieta, si ya kumrudisha wodini.

Nimpe maji ya dripu lita ngapi?

Machache kuliko ulivyozoea. Utafiti wa Houston uliochapishwa mwaka 1994 ulifuata wagonjwa 598 wenye presha ya chini waliochomwa au kupigwa risasi kiwiliwili. Waliocheleweshewa maji hadi thieta walinusurika asilimia 70, na waliopewa mapema asilimia 62. Maji yanapandisha presha, presha inang'oa damu iliyoganda, na damu iliyobaki inakuwa nyepesi na baridi. Lenga presha ya juu ya 80 hadi 90, mgonjwa akiwa anaongea. Kinachohitajika ni damu: kundi O, hasi kwa wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa, chanya inakubalika kwa wanaume.

Tamponadi ni tofauti kidogo. Moyo uliobanwa unategemea vena zijae, hivyo mililita 250 hadi 500 za haraka njiani kuelekea thieta zinaweza kumvusha.

Mpe asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kuumia, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8.

Benki haina damu. Iliyotoka kifuani inaweza kurudishwa?

Ndiyo, na hospitali zetu zinapaswa kuizoea zaidi. Ipokee kwenye chombo safi kisicho na vijidudu chenye sitreti, dawa inayozuia damu isigande. Mfuko wa kawaida wa kuchangia damu una mililita 63 za dawa hiyo kwa mililita 450 za damu, basi fuata uwiano huo. Irudishe kwa seti ya damu yenye chujio, ndani ya saa 4. Usiirudishe kama umio, tumbo au utumbo unaweza kuwa umetobolewa. Kumbuka haina uwezo mzuri wa kuganda. Ukirudisha nyingi bila kuongeza plazma, mgonjwa ataanza kuvuja kila mahali.

Tusubiri PF3?

Hapana. Fomu ya polisi inafuata, matibabu yanatangulia. Nchini Kenya, Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Unachoweza kufanya kwa ajili ya ushahidi ni hiki: usikate nguo kupitia tundu la kisu au risasi, hifadhi nguo kwenye mfuko wa karatasi, chora mahali pa kila jeraha, na risasi uishike kwa vidole vyenye glavu badala ya fosepi ya chuma.

Mgonjwa mwenye tamponadi apewe dawa ya usingizi lini?

Baada ya kifua kuoshwa kwa dawa, vitambaa kuwekwa, na daktari kuvaa glavu na kushika kisu. Si dakika moja kabla. Kulazwa na kusukumiwa hewa kwa mashine kunapunguza damu inayorudi moyoni, na moyo uliobanwa unaweza kusimama hapo hapo. Tumia ketamini, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, mgonjwa akiwa ameinuliwa kichwa na akipumua mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Epuka propofoli na thiopentoni.

Mapigo yamepotea mapokezi. Nipasue pale pale?

Kama amechomwa kifuani, mapigo yamepotea chini ya dakika 15 zilizopita, na una mtu anayeweza kushona moyo au kumpokea baada yako, ndiyo. Wenye nafasi nzuri ni wale wa jeraha moja tu la kisu moyoni wenye tamponadi, waliofika wakiwa bado na dalili za uhai. Kama mstari wa moyo ni bapa na altrasaundi haionyeshi damu kwenye mfuko wa moyo, usifungue. Na kama hakuna vifaa, damu wala thieta ya kumalizia, kumpasua ni kuwahatarisha wahudumu kwa ncha kali za mbavu bila faida kwa mgonjwa. Vaeni glavu mbili na miwani kila mara.

Kukandamiza kifua kwa nje hakusaidii sana hapa: moyo mtupu au uliobanwa hauna cha kusukuma.

Hatua za kufungua kifua cha kushoto ni zipi?

Inua mkono wa kushoto. Mwenzako afungue kifua cha kulia kwa kidole wakati huo huo. Kata kwa mkato mmoja mrefu, nafasi ya 4 au 5, kuanzia ukingo wa kidari, chini ya chuchu au chini ya titi, ukipinda kuelekea kwapa hadi kitandani. Mkato mfupi ndio kosa la kwanza la wageni. Mwombe anayesukuma hewa asimame kidogo, kata misuli ya kati ya mbavu kwa mkasi juu ya ubavu wa chini. Weka kipanuzi cha mbavu, mpini wake ukielekea kwapani. Ukiuelekeza kidarini utakuzuia pale utakapohitaji kuvuka kwenda kulia.

Fungua mfuko wa moyo kwa urefu, kutoka nchani kwenda juu, sentimita 1 au zaidi mbele ya neva ya freniki, ile kamba nyeupe inayoteremka ubavuni mwa mfuko. Mfuko uliokaza haushikiki kwa fosepi. Uchane kidogo kwa ncha ya kisu kwa uangalifu, kisha endelea kwa mkasi. Toa damu iliyoganda kwa mkono, si kwa mashine ya kufyonza, ambayo itaziba.

Moyo usiodunda ubanwe kwa viganja viwili vilivyogusana chini, kutoka nchani kwenda juu. Kamwe usitumie kidole gumba, kinatoboa. Moyo ukitetemeka bila kusukuma, mshtuko wa umeme wa ndani ni jouli 10 hadi 30. Aota, ateri kuu ya mwili, ibanwe juu kidogo ya kiwambo, ikiwa imelala kwenye uti wa mgongo. Umio uko mbele yake, na mrija wa tumboni husaidia kuutambua. Usipoweza kuiweka klampu, ibonyeze tu kwa mkono dhidi ya uti wa mgongo. Lenga kuiachia ndani ya dakika 30.

Ukihitaji nafasi, vuka kidari kwa msumeno wa waya au mkasi mzito na ufungue pande zote mbili. Hapo ateri za pembeni mwa kidari zimekatwa, ncha nne. Kwa wakati huo hazitoi damu kwa kuwa presha haipo. Presha ikirudi zitamwaga. Zitafute na uzifunge zote nne kabla ya kufunga kifua.

Tundu la moyo linazibwaje?

Kwanza kidole. Kidole kikiwa juu ya tundu, una muda wa kufikiri, kuongeza damu na kuita msaada. Makosa mengi hutokea kwa sababu mtu alikimbilia kushona wakati kidole kilikuwa kinatosha.

Ventrikali ishonwe kwa uzi wa polipropileni namba 3-0 au 2-0, sindano kubwa iliyopinda, mishono ya godoro inayopita mbali kidogo na ukingo wa jeraha. Weka vipande vya kitambaa cha teflon, au ukivikosa kata vipande vya mfuko wa moyo wenyewe, uzi usipasue misuli. Kaza hadi damu ikome, basi. Fundo linalokazwa zaidi hukata ventrikali kama waya kwenye jibini. Kama ateri ya moyo iko ukingoni mwa jeraha, pitisha uzi chini yake, usiivuke juu. Atria, chumba cha juu cha moyo, ina ukuta mwembamba: ibane kwa klampu iliyopinda, shona mfululizo kwa 4-0.

Katheta ya Foley, ule mrija wa mkojo wenye puto, namba 18 au 20 inafaa kwa tundu ambalo kidole hakitoshi. Ijaze maji ya chumvi kwanza hewa isiingie, ibane, ingiza, jaza puto kwa mililita 5 hadi 10, vuta taratibu sana. Ukivuta kwa nguvu puto linatoka na tundu linakuwa maradufu. Unaposhona, isukume ndani kidogo kila sindano inapopita, vinginevyo utapasua puto. Stepla ya ngozi ni ya haraka kwa mchano wa kisu ulionyooka. Kwa risasi haifai.

Ukimaliza mbele, tazama nyuma. Mwambie mtaalamu wa usingizi kabla ya kuuinua moyo, uinue polepole kwa kuweka gozi chini yake, na uurudishe mapigo yakibadilika. Mfuko wa moyo usifungwe wote. Acha njia ya damu kutoka chini.

Ndugu wanauliza kama kweli moyo unashoneka.

Waambie ndiyo. Daktari mpasuaji Ludwig Rehn alishona ventrikali ya kulia ya kijana aliyechomwa kisu huko Frankfurt mwaka 1896, kwa mishono mitatu ya hariri, na kijana akapona. Vifaa vya Rehn vilikuwa vichache kuliko vya hospitali ya mkoa ya leo.

Pafu linavuja damu sana. Nilikate?

Anza na kidogo. Shona mdomo wa tundu tu kama unaona mshipa unaovuja. Ukifunga midomo bila kuona ndani, damu itajaa kwenye pafu na kumiminikia upande wa pili. Kwa njia ya risasi au kisu iliyopita ndani ya pafu, pitisha klampu mbili ndefu kwenye njia hiyo, kata kati yake, mfereji ufunguke, funga mishipa mmoja mmoja, kisha shona kingo. Damu ikitoka kwenye shina la pafu, lishike kwa mkono. Ukikosa klampu, kata utando unaoshikilia pafu chini, kisha lipindue nusu mzunguko. Shina litajisokota na damu itakoma. Kuondoa pafu zima kunaua wengi kwa sababu ventrikali ya kulia inashindwa kuhimili, kwa hiyo kuwe ni jambo la mwisho kabisa.

Mgonjwa ametulia, altrasaundi inaonyesha damu kidogo kwenye mfuko. Lazima nipasue kidari?

Si lazima tena. Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ilichapisha mwaka 2014 jaribio la wagonjwa waliotulia wa aina hii: kufungua dirisha chini ya kidari, kuosha na kuacha mrija kulikuwa salama kwa wale ambao damu ilikuwa imekoma. Fanya mkato wa sentimita 6 hadi 8 juu ya ncha ya kidari, ondoa ncha hiyo, inua kidari, shika mfuko kwa klampu mbili na uufungue kidogo. Kabla ya kuufungua, kausha jeraha lako kabisa. Damu ya ngozi ikitiririkia ndani hutajua imetoka wapi. Osha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Yakirudi safi, acha mrija. Yakiendelea kuwa mekundu, fungua kidari pale pale, ndiyo maana upasuaji huu haufanywi bila msumeno mezani na damu thieta.

Nimpe rufaa au nipasue hapa?

Mwenye mrija unaofanya kazi na presha iliyotulia anaweza kusafiri, akiwa na muuguzi anayejua kufungua mrija ulioziba, damu, na simu iliyopigwa kabla ya kuondoka. Mwenye tamponadi hasafiri saa nne barabarani. Kama kuna daktari anayefanya upasuaji wa uzazi kila usiku, mikono ya kufungua kifua, kuweka kidole na kushona mishono mitatu ipo. Ashone, kisha ampe rufaa.

Jeraha liko chini ya chuchu. Nisahau tumbo?

Hapana. Chini ya usawa huo, kisu kinaweza kuwa kimepita kiwambo. Upande wa kulia ini huziba tundu; kushoto hakuna kizuizi, na miezi au miaka baadaye tumbo au utumbo huingia kifuani na kunyongeka. Mgonjwa wa kushoto aliyetulia akaguliwe kwa kamera ya tumbo au upasuaji kabla ya kuruhusiwa. Kwa risasi, jumla ya matundu na risasi zilizobaki mwilini iwe namba shufwa. Isipokuwa hivyo, kuna kitu hujakiona.

Baada ya upasuaji, nini hurudisha watu hospitali?

Maumivu yanayozuia kukohoa, kisha homa ya mapafu. Toa parasetamoli gramu 1 kila saa 6, ongeza morfini au ganzi ya neva za mbavu, na mgonjwa akae na kutembea kuanzia siku ya kwanza. Sefazolini, dawa ya kuua vijidudu, iishie saa 24. Kuiendeleza kwa wiki nzima hakuzuii usaha.

Mrija utolewe pafu likiwa limepanuka, hewa haivuji, na majimaji ni chini ya mililita 200 kwa siku. Damu iliyoganda ikibaki kifuani, mrija wa pili mara chache huitoa. Iondolewe kwa kamera au mkato mdogo ndani ya siku 3 hadi 7, kabla haijashikamana na kuwa usaha.

Kila aliyeshonwa moyo apimwe kwa altrasaundi ya moyo kabla ya kutoka na tena baada ya wiki chache. Tundu la ukuta wa kati au vali iliyochanika huenda visisikike siku ya kwanza, wakati moyo una damu kidogo, vikatokea mgonjwa anapopata nguvu. Ukisikia mvumo mpya kifuani, au akirudi akihema na miguu imevimba, mpeleke kwenye taasisi ya moyo akiwa na maelezo kamili ya upasuaji: chumba gani kilishonwa, kwa uzi gani, na kama sehemu ya nyuma ilitazamwa.